Pacha Ndani, Pacha Nje

Jioni moja ya mwisho wa Machi, nilipokuwa mgeni wa binti wa dada yangu katika mji mmoja wa mashariki ya Marekani, ambako amekaa na mumewe mwaka wa tisa sasa, simu yake ililia mara tatu mfululizo huku akikoroga mbaazi za nazi, naye akafuta mikono kwa kanga, akasoma, akanyamaza, kisha akanipa simu ile pasipo neno. Barua ya kwanza ilimpongeza kwa kuwa binti yake mdogo, mwenye miaka mitatu, amepata nafasi katika shule waliyoitaja kwanza katika maombi yao. Ya pili ilisema kwamba pacha wake, aliyezaliwa dakika kumi na moja nyuma yake, hakupata, ila amewekwa katika orodha ya wanaongojea, namba 3. Ya tatu ilimhusu mvulana wa miaka kumi, mtoto wa marehemu kaka wa mumewe, anayelelewa katika nyumba ile tangu wazazi wake wote wawili walipofariki kwa ajali ya gari hukohuko ugenini: namba 41.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani hawa wataweza kuwatenga mapacha?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nikijua habari za shule hizo kwa kusoma tu, na ajuaye kwa kusoma hana la kumwambia mama aliyeshika mwiko mkononi. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyakusanya baadaye, kwa faida ya wasomaji wenye jamaa kule, na hata wasio na jamaa, maana ndani yake mna suala ambalo sisi watu wa lugha hii tulikuwa tukidhani limekwisha kujibiwa zamani, nalo ni hili: ndugu ni nani?

Kwanza shule zenyewe, ambazo kwetu hazina mfano ulio kamili. Shule ya mkataba, ambayo watu wetu walioko kule huiita chata, ni shule ya umma: hailipishi karo, hutunzwa na fedha za serikali, haifundishi dini, lakini haiongozwi na idara ya elimu ya wilaya, bali huongozwa na bodi yake yenyewe kwa mujibu wa mkataba wa miaka maalumu, na ikishindwa kutimiza iliyoyaahidi, mkataba huweza kuvunjwa na milango ikafungwa. Wazo lake linanasibishwa na Ray Budde, mwalimu wa chuo kikuu cha Massachusetts, likapata nguvu mwaka 1988 pale Albert Shanker, kiongozi wa chama kikubwa cha walimu, alipolinadi mbele ya taifa. Minnesota ikawa jimbo la kwanza kulitungia sheria mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka uliofuata. Leo majimbo zaidi ya 40 yana sheria za namna hiyo, na wanafunzi wanaosoma humo wanapita milioni 3.5. Kama shule hizo ni njema au ni mbaya kuliko nyingine ni ugomvi wa Wamarekani wenyewe, mkali na wa siku nyingi, nami siuingii.

Kinachotuhusu ni mlango wake. Mzazi wa Tanzania au wa Kenya amezoea kwamba mtoto huchaguliwa kwa mtihani: alama zimetoka, majina yamebandikwa, mwenye kupita kapita. Shule ya mkataba aghalabu haina ruhusa ya kumpima mtoto kabla ya kumpokea. Maadamu nafasi zinatosha, kila aliyeomba huingia. Wakizidi waombaji, sharti ipigwe kura, na shule inayopokea fedha za mfuko wa serikali kuu uliowekwa kwa ajili ya shule hizo haina hiari katika jambo hilo.

Neno hili kura tumelipeleka sana katika siasa hata tukasahau kwamba asili yake, kwa Waarabu tuliowachukulia, ni kule kutupa alama ili jambo lisiloamulika kwa akili za watu liamuliwe pasipo upendeleo. Wafasiri wengine wa karatasi za shule huandika "bahati nasibu", na mzazi mcha Mungu akiliona neno hilo hushtuka, akadhani mtoto wake anatiwa katika kamari. Hakuna kamari hapo, maana hakuna anayeweka fedha. Wasomaji wa Kurani wanajua habari ya watu waliotupa kalamu zao ili ijulikane nani atakayemlea Maryam, na habari ya Yunus katika jahazi. Wasomaji wa Biblia wanajua jinsi Mathiya alivyopata nafasi yake miongoni mwa mitume. Na wanawake wetu wa upatu, wanapokunja vipande vya karatasi ndani ya kikombe ili ijulikane nani atapokea mwezi wa kwanza na nani wa mwisho, wanafanya jambo hilohilo, tofauti ikiwa moja tu: katika upatu kila mtu ana mwezi wake, ilhali katika kura ya shule wako ambao mwezi wao hauji.

Zamani kura hizo zilipigwa hadharani, watu wamejaa ukumbini, namba zikichomolewa katika mtungi moja baada ya nyingine, na picha mbili za sinema zilizotoka mwaka 2010, moja ikiitwa The Lottery na nyingine Waiting for "Superman", ziliwaonyesha walimwengu nyuso za watoto wakingojea namba ambazo hazikutajwa. Siku hizi kazi hiyo katika miji mingi hufanywa na kompyuta, na matokeo huja kwa simu, jikoni, sufuria ikiwa motoni.

Sasa tuje kwa ndugu. Karibu kila mahali kura hii si kura tupu. Kabla ya wageni kupigiwa, hutangulizwa watoto ambao ndugu zao wamo ndani ya shule tayari. Jimbo la New York limeandika hivyo katika sheria yake ya mwaka 1998, na majimbo mengine yana ibara za kufanana nayo, au huziachia shule zijiwekee. Hikima yake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kuwapeleka watoto wawili shule mbili zilizo pande mbili za mji, kengele zikilia saa moja, na theluji juu yake. Lakini fadhila hiyo ina mlipaji. Tuseme shule ina nafasi 40 za watoto wa miaka mitatu, na miongoni mwa walioomba 18 wana ndugu ndani: hao 18 huingia kwanza, zinabaki 22, na hizo ndizo zinazogombewa na mamia ya watoto wengine. Aliyehamia mjini mwaka jana, awe mkimbizi wa Kongo aliyepita kambini au fundi aliyetoka Mombasa, hana ndugu ndani. Amefika mezani wakati sinia imekwisha kuzungukwa. Nakiri kwamba rai yangu katika jambo hili haikutulia. Nikimtazama mama mwenye watoto wawili naona ni insafu. Nikimtazama mgeni naona mlango umerithishwa, na urithi ndicho kitu ambacho kura ilikusudiwa kukiondoa.

Jinsi daraja za undugu zinavyopangwa, mfano mwema ni Washington, mji mkuu, ambako karibu nusu ya watoto wa shule za umma wamo katika shule za mkataba, na ambako tangu mwaka wa masomo wa 2014–15 ipo kura moja ya pamoja, mzazi akitaja shule hadi 12 kwa mpango wa mapenzi yake. Kule wanapambanua ndugu wa namna tatu: yule ambaye nduguye anasoma shuleni hivi sasa, yule ambaye nduguye amekwisha kuandikishwa kwa mwaka ujao, na yule ambaye nduguye amepewa nafasi katika kura hiyohiyo, wala si kila shule hutoa fadhila zote tatu. Namna hii ya tatu ndiyo inayowagusa mapacha. Kompyuta haijui kwamba wamelala tumbo moja. Kila mmoja hupewa namba yake ya bahati, na namba hizo huweza kuwa mbali kama Pemba na Kigoma. Lakini akipata mmoja, wa pili huinuliwa juu ya wote wasio na haki ya kutangulizwa, na kama nafasi zimekwisha, huinuliwa katika orodha ya kungojea. Ndiyo maana yule wa pili alikuwa namba 3, si namba 90: waliomtangulia walikuwa wawili, nao pia ni ndugu za watu.

Jawabu la swali la mpwa wangu, basi, lilikuwa: ndiyo, wataweza kuwatenga, ila kwa muda, na huenda muda wenyewe ukawa mfupi.

Taabu ilikuwa kwa mvulana. Shule ile ina madarasa tangu ya watoto wa miaka mitatu hata darasa la nane, na kanuni ya undugu haitazami nani mkubwa. Sisi tumezoea kwamba mkubwa hufungua njia na wadogo wakafuata. Kule mtoto wa miaka mitatu aweza kumvuta kaka yake wa darasa la tano, na wazee wenye busara wanalijua hilo, wakaelekeza nguvu zao kwa mdogo zaidi, kwa kuwa darasa la kuanzia ndilo lenye nafasi nyingi, ilhali darasa la tano huwa na kiti kimoja au viwili, vya watoto waliohama. Maadamu pacha wa kwanza alikwisha kupata, mvulana naye alistahili kupanda. Kwa nini amekaa 41?

Kwa sababu katika fomu, pale palipoulizwa kama mwombaji ana ndugu, mpwa wangu aliandika ndiyo. Na shule ikataka karatasi.

Hapa ndipo lugha mbili zinapopishana. Kwetu mtoto wa ami ni ndugu, mtoto wa mama mdogo ni ndugu, na ukitaka kubainisha huna budi kuongeza maneno: ndugu wa baba mmoja, ndugu wa tumbo moja, ndugu wa kambo. Hata aliyenyonya ziwa moja nawe, pasipo nasaba yoyote, ni ndugu kwa sheria ya Kiislamu, na kuoana naye ni haramu. Neno la Kiingereza linalotumika katika sheria hizi halina upana huo. Massachusetts imelibana kabisa: ndugu ni wale wenye baba mmoja au mama mmoja, kwa kuzaliwa au kwa kuasiliwa kisheria, hata kama wanaishi nyumba mbali, na wanaoishi nyumba moja pasipo mzazi mmoja, hata wakila sinia moja miaka kumi, si ndugu kwa shughuli hii. Minnesota, jimbo lile lile lililoanza, imenyoosha mkono zaidi: inazilazimisha shule zimtangulize ndugu wa mwanafunzi, na pamoja naye mtoto wa malezi, yaani yule ambaye wazazi wa mwanafunzi huyo wamekabidhiwa kumlea. Bahari haitenganishi majimbo hayo mawili, wala lugha, wala bendera. Lakini mtoto yuleyule ni ndugu hapa, na kule ni mpangaji.

Katika mji wa mpwa wangu kanuni ilikuwa ya kati: ndugu ni wale wenye mzazi mmoja au mlezi mmoja wa kisheria. Na ulezi wa kisheria hawakuwa nao. Siku ya maziko, mumewe alimshika mvulana mkono, akamwingiza garini, wakaenda nyumbani. Mbele ya watu wote wa msikiti ulezi ulikuwa umethibiti, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna mahakama ya kuuthibitisha tena. Shule ya zamani ya mtoto ilimpokea kwa barua. Shule hii ilitaka muhuri.

Nawashauri wasomaji wenye jamaa huko wawaambie jambo hili mapema, maana karatasi ya ulezi haipatikani kwa wiki mbili, na kura haingoji. Hali kadhalika wawaambie kwamba shule ya umma haina haki ya kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya hali ya ukaazi wake nchini. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika shauri la Plyler na Doe. Umri na mahali unapoishi wanaruhusiwa kuuliza. Na asiyejua Kiingereza aombe mkalimani pasipo haya, kwa kuwa ni haki yake, si hisani.

Orodha ya kungojea nayo ina tabia zake, na wengi huumia kwa kutozijua. Mtu hudhani ni foleni ya benki, aliye wa tatu hawezi kuwa wa nne. Kumbe huweza. Wiki moja baada ya matokeo, mpwa wangu alifungua simu akakuta pacha ameshuka kutoka namba 3 hadi namba 4, akaja juu, akasema wamemfanyia hila; nami kwa mara ya kwanza nilikuwa na jawabu: mtoto mwingine, ambaye nduguye alipewa nafasi iliyoachwa na mtu, amepata haki ya kutangulizwa na akaingizwa juu yake. Foleni hii haiendi kwa saa ya kufika, huenda kwa haki, na haki huzaliwa kila siku. Kwa upande wa pili, namba kubwa nayo isiwakatishe tamaa, kwa maana mtoto mmoja huweza kungojea shule tano kwa wakati mmoja, akahesabiwa katika orodha zote tano. Akipata moja inayomridhisha, wazazi wake huziachilia zile nyingine, na walio nyuma yake husogea katika kila orodha. Katika Massachusetts, pale wananchi walipopigia kura mwaka 2016 suala la kuongeza shule hizi, wakakataa, urefu wa orodha za kungojea ulikuwa hoja kubwa ya waliotaka kuongeza, na wapinzani wao wakajibu kuwa kichwa kimoja kimehesabiwa mara nyingi.

Yako mambo matatu manne ya kukumbuka. Kukubali nafasi uliyopewa hakukuondoi, kwa kawaida, katika orodha ya shule uliyoipenda zaidi. Huko Washington aliyepata chaguo lake la tatu hubaki akingojea la kwanza na la pili, na hufutwa katika yale ya chini. Kwa hiyo shule zitajwe kwa mpango wa mapenzi ya kweli, pasipo werevu wa kukisia ipi ina nafasi nyingi: hesabu inayotumika ni tunda la wataalamu wa namna ya Lloyd Shapley na Alvin Roth, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 2012, na imetengenezwa hivyo makusudi, mwenye kusema kweli asipate hasara. Ukiitwa kutoka katika orodha, muda wa kujibu ni mfupi, pengine siku mbili, na aliyebadili namba ya simu bila kuarifu shule amejitoa mwenyewe. Mwendo mkubwa wa orodha huwa Agosti na majuma ya mwanzo wa masomo, pale majina ya wasiotokea yanapofutwa. Na mwaka ukiisha, mahali pengi orodha hufa. Katika Massachusetts haivuki mwaka, anayetaka huanza upya kama aliyezaliwa jana.

Kuna jambo moja dogo lililonichekesha katika kusoma kwangu. Wataalamu wa uchumi, akiwamo Joshua Angrist aliyepata Nobel mwaka 2021, wamezitumia kura hizi kupima kama shule za mkataba huko Boston zinafundisha vema, kwa kuwalinganisha waliopata na waliokosa, ambao hawana tofauti ila bahati. Katika hesabu hizo watoto wenye ndugu ndani hutolewa, kwa sababu hawakupata kwa bahati. Mtoto aliyeshikwa mkono na nduguye hana kazi katika elimu ya nasibu.

Pacha wa pili aliitwa mwezi wa Juni, siku ya Jumatano, saa tano ya asubuhi. Mpwa wangu alikuwa kazini, akaomba ruhusa ya kwenda msalani ili aijibu simu. Karatasi ya mahakama ilitoka katikati ya Julai, ikiwa na muhuri mwekundu na jina la mvulana limeandikwa kwa makosa, ikarudishwa, ikatoka tena mwanzo wa Agosti. Walipoipeleka shuleni, karani aliitazama, akabonyeza vitufe kadhaa, na mtoto aliyekuwa wa 41 akawa wa 2. Darasa la tano lilikuwa limejaa.

Nilipoaga, masomo yalikuwa yamekwisha kuanza. Kila asubuhi mvulana huwashika mapacha mkono, mmoja kulia na mmoja kushoto, akawafikisha hadi lango la shule yao, kisha huvuka barabara akangojea basi la shule yake. Mwalimu wa zamu aliwauliza wale wadogo yule anayewaleta ni nani. Wakamjibu kwa pamoja, kwa Kiswahili, "Kaka," na mwalimu, ambaye hakulijua neno, akadhani ndilo jina lake. Tangu siku hiyo humwita hivyo: "Good morning, Kaka." Na juzi mpwa wangu ameniandikia kwamba aliyekuwa namba 1 amehama, na simu hailazi mbali na mto.